Kuku Waliobaki Nyakiriba

Siku ile nilipanda milimani Nyakiriba kutafuta mbolea, si kuku. Nyuma ya nyumba yetu hapa Gisenyi nilikuwa na matuta manne ya vitunguu ambayo hayakuwa yanaendelea vizuri, na mama mmoja ninayemshonea nguo aliniambia kwamba kuna mzee huko juu mwenye kuku wa mayai, anayewaachia watu samadi mradi uje na gunia lako. Nikabeba magunia mawili, nikapanda pikipiki.

Nilimkuta yule mzee anafunga kazi. Alikuwa mstaafu, mtu mpole mwenye magoti mabovu, na aliniambia kwamba magoti hayo ndiyo yaliyoamua. Asubuhi ile wanunuzi walikuwa wamekuja na gari, wakabeba kuku kwa ajili ya nyama. Banda lilikuwa refu, la mabati, lenye giza, na ndani yake vizimba vya waya vilipangwa safu juu ya safu kama makabati. Milango yote ilikuwa wazi. Nilidhani hakuna kilichobaki, mpaka nilipofika mwisho kabisa kuchota samadi, nikasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayejisemea peke yake.

Walikuwa kumi na mmoja, katika vizimba viwili vya chini. Wanunuzi waliwashika, wakawapima kwa mkono, wakawarudisha. Shingo zao zilikuwa tupu, nyekundu, na manyoya ya mabawa yalibaki vijiti tu, kama mafagio yaliyochakaa. Upanga wa kichwani, ambao kwa kuku mzima ni mwekundu, kwao ulikuwa umepauka na kulala upande. Midomo yao ilikatwa ncha wakiwa vifaranga ili wasidonoane. Mzee alisema niwachukue pamoja na samadi, nikapike supu, maana yeye na mkewe hawawezi kula kuku kumi na mmoja.

Mimi si mtu wa kulilia wanyama. Nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na tangu nina miaka kumi mimi ndiye niliyekuwa nachinja kuku nyumbani wageni wakija. Lakini mzee alipoingiza mkono kumtoa wa kwanza, kuku hakutoka. Kucha zake zilikuwa zimerefuka mpaka zikajizungusha kwenye waya wa chini, na mzee ilimbidi apige lile goti bovu, azifungue moja moja kwa vidole, taratibu, kama anayefungua vifungo vya nguo ya mtoto. Kuku hakupiga bawa hata mara moja. Alipoinuliwa alilaza kichwa kwenye kifundo cha mkono wa mzee, akafumba macho. Moyoni nilisema nachukua supu. Lakini nilipokuwa nawapanga kwenye makreti aliyoniazima, nilijikuta ninawatandikia majani.

Gari la vitunguu lililokuwa linashuka mjini likatubeba, mimi, magunia na kuku.

Nyumbani alikuwapo mama mkwe wangu. Tulikuwa tunaishi wawili tu. Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, baada ya kuugua kwa muda mrefu, na watoto hatukujaliwa. Familia yake ilikaa Kongo miaka mingi kabla ya kurudi Rwanda, na huko Mama alikuwa mkunga. Mimi nina Kiswahili cha Tanzania, yeye ana cha Kongo, na siku ya kwanza nilipoletwa kwake aliniambia changu ni cha redio. Kinyarwanda tulizungumza na majirani; sisi wawili, kwa mazoea tu, tulibaki na Kiswahili, yeye na chake, mimi na changu. Baada ya msiba hata hicho kilipungua. Tulisalimiana, tuliulizana kama tumelala vizuri, tulikula pamoja, kisha kila mmoja akarudi upande wake: mimi kwenye cherehani barazani, yeye kwenye kiti chake chumbani, dirisha limefungwa. Wifi yangu aliyeko Kigali kila akipiga simu alisema anakuja kumchukua. Nami nilijua kwamba Mama akienda Kigali, nitarudi Karagwe, maana hapa nitabaki na nani. Hakuna aliyelisema jambo hilo. Tuliishi kama wageni wawili waliopewa nyumba moja kwa makosa, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa heshima.

Aliposikia gari alitoka. Akainama juu ya makreti, akatazama kwa muda mrefu.

"Hizi kuku zimekufa ao ziko zinaishi?"

Nikamwambia wako hai.

"Na umezileta za kufanya nini?"

Nilifungua mdomo niseme supu. Nikasema nataka kuona kama watapona.

Alinyooka, akanitazama. Uso wake haukuwa na hasira, ila ulikuwa umechoka. "Mi sitazigusa, mukazana," akasema. Mukazana ndilo neno alilokuwa ananiitia tangu niolewe, maana yake mke wa mwanangu. "Mu hii nyumba tuliuguza ya kutosha."

Akaingia ndani. Nilijua anamzungumzia nani, na nilibaki nimesimama uani na makreti yangu kama mtu aliyefanya jambo la aibu.

Niliwaweka katika kibanda kilichokuwa cha makaa. Nilikifagia, nikatandaza nyasi kavu, nikaweka maji yenye sukari kidogo na chumvi kidogo, kama tunavyompa mgonjwa wa kuhara. Asubuhi nilifungua mlango na kukaa kwenye jiwe kuwangoja watoke. Hawakutoka. Kuanzia asubuhi hadi mchana walisimama mahali pamoja, wamebanana, watano huku na sita kule, namna ileile waliyokaa katika vizimba vyao, ingawa sasa walikuwa na nafasi ya kutosha kutembea. Jua liliingia mpaka katikati ya kibanda, na wale waliokuwa karibu nalo walirudi nyuma kulikwepa.

Siku ya pili walikufa wawili. Hawakuwa na jeraha. Walikuwa tu wamelala ubavu, wepesi mkononi kama mifuko mitupu. Niliwazika kwenye tuta la vitunguu, na nilipoinua kichwa niliona pazia la dirisha la Mama linarudi mahali pake.

Siku ya tatu mmoja alitoka. Alikuwa yuleyule wa kucha ndefu, ambazo nilikuwa nimezipunguza kwa mkasi wa kazi. Alifika kizingitini, akashusha mguu mmoja kwenye udongo, akauinua haraka. Mguu wake haukujua kitu laini. Maisha yake yote alikuwa amekanyaga waya. Akaushusha tena, akauacha pale, akatulia, kichwa kimeinama upande, kana kwamba anasikiliza kwa mguu. Sikuwa nimepanga kukaa muda wote ule, nilikuwa na sare za shule za kumaliza, lakini nilikaa. Ilimchukua karibu asubuhi nzima kufika kwenye jiwe langu, umbali wa hatua sita za mtu.

Kula nako kulikuwa shida. Walijua unga wa kuku tu. Jani la kabichi nililowaning'inizia liliwatisha mpaka wakapandana mgongoni. Minyoo niliyowachimbulia waliitazama ikirudi ardhini. Nikawa nakwenda ziwani kwa muuza samaki mmoja ninayemfahamu, ananiwekea vumbi na vichwa vya sambaza vinavyobaki chini ya beseni, nawasagia na mahindi, nachanganya kidogo kidogo katika unga wao. Sambaza ni samaki wadogo sana, wa urefu wa kidole, lakini wana nguvu. Baada ya juma moja zile panga za vichwani zilianza kupata rangi.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni baridi. Gisenyi asubuhi upepo unatoka milimani, na kuku wangu wengine hawakuwa na unyoya hata mmoja kifuani. Mimi ni fundi wa nguo, na fundi wa nguo akiona mtu uchi hafikirii mambo mengi. Nilichukua kipande cha blanketi kuukuu, nikampima yule aliyekuwa uchi kuliko wote, nikashona kikoti chenye matundu mawili ya mabawa na kifungo tumboni. Nilikishona vizuri, na upindo niliukunja mara mbili. Nikamvalisha.

Kuku alisimama kama amepigwa na bumbuwazi. Kisha akaanza kutembea kinyumenyume, akidhani atatoka ndani ya kile kitu kwa nyuma. Alirudi nyuma uani kote, akapita vitunguu, akapita kamba ya nguo, hadi makalio yake yakagonga ukuta wa mawe, akaketi. Wenzake walimfuata wakimtazama kwa mshangao mkubwa.

Nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Dirisha la Mama lilikuwa wazi, na yeye alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili, anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

"Mukazana," akasema alipopata pumzi, "muvulishe iyo koti. Iko na haya."

Nikamvua. Badala yake tulitundika blanketi lote mlangoni mwa kibanda, na nasema tulitundika kwa sababu yeye ndiye aliyenielekeza kutoka dirishani, juu kidogo, chini kidogo, hapo, acha. Hakutoka chumbani siku ile. Lakini dirisha halikufungwa tena mpaka jioni.

Mvua ilitukuta katika juma la tatu. Nilikuwa nimekwenda kupeleka sare kwa mteja karibu na soko, kuku tisa nikawaacha wametawanyika uani, maana kufikia siku hizo walikuwa wanatoka wote. Mvua ya kwetu haikupi muda mrefu. Unatazama upande wa milima unaona hakuna mlima, kisha upepo, kisha maji. Nilipokuwa bado nimesimama chini ya kibaraza cha duka ndipo nilipokumbuka kwamba hawa hawajawahi kunyeshewa. Kuku wa kawaida hukimbilia upenuni bila kuambiwa. Hawa sikujua watafanya nini. Nikavua viatu nikakimbia.

Uani hapakuwa na kuku. Kibandani hapakuwa na kuku. Maji mekundu na meusi yalikuwa yanapita katikati ya vitunguu, na mimi nikafuata mkondo mpaka ukutani, nikitafuta manyoya. Ndipo nilipomwona Mama barazani. Alikuwa amekaa sakafuni, karibu na cherehani yangu, miguu imenyooka, imejaa tope mpaka magotini. Kitenge chake alikuwa amekivua mabegani na kukitandaza juu ya mapaja, na chini yake palikuwa na vichwa vinavyotokeza. Nywele zake, ambazo hafunui mbele ya watu, zilikuwa wazi na zinatiririka maji.

Nikakaa karibu naye. Nilichukua mabaki ya vitambaa kwenye kikapu changu, tukaanza kuwafuta mmoja mmoja.

"Zilikuwa zinasimama tu," alisema baadaye. Alikuwa na mmoja kifuani, anamsugua mgongo kwa kiganja. "Mvua inazipiga, zinafunga macho, zinasimama tu. Niliita, hazikuye. Hakuna mutu alizifundisha."

Nilimwambia alikuwa amesema hatawagusa. Sikumwambia kwa kumsuta, lilinitoka tu.

"Nilisema," akakubali, akaendelea kusugua.

Tangu siku hiyo alikuwa anatoka asubuhi kuwafungulia. Mimi nikiamka nilimkuta kwenye kiti uani, amejifunga sweta, anawasemesha. Aliwafundisha kuchakura kwa kijiti: anakwaruza udongo, anatoa mnyoo, anausogeza mbele ya mdomo, anangoja. Jioni, jua likielekea ziwani, kuku hawakujua kwamba kuna kuingia kulala, wakawa wanajikusanya kwenye kona ya ukuta. Tukawa tunawabeba, mimi wawili, yeye mmoja, tunawapandisha kwenye fito nilizoweka ndani ya kibanda, tunawafungia vidole kwenye ufito ili vizoee kushika. Wakianguka tunawapandisha tena. Ilichukua mwezi na zaidi. Kisha jioni moja tulipotoka kuwabeba tukakuta uani hamna kitu, wote wako ndani, sita kwenye ufito na watatu kwenye nyasi. Mama alisimama mlangoni mikono mitupu. Nadhani alisikitika kidogo.

Manyoya yalirudi. Kwanza yanatoka kama miiba ya buluu, kisha yanachanua. Siku moja yule wa kucha ndefu alijitupa kwenye jivu tulilokuwa tunamwaga pembeni, akageuka ubavu, akapiga miguu, akajirushia jivu mgongoni na chini ya mabawa. Nilimwita Mama aje haraka. Sote wawili tulikuwa tumeona kuku wakioga vumbi tangu utotoni, na sijui kama kuna kati yetu aliyewahi kusimama kutazama. Siku hiyo tulisimama mpaka alipomaliza, akajikung'uta, akaondoka zake.

Ni kuku huyohuyo aliyekuja kuugua. Ilikuwa mwezi wa nne au wa tano tangu waje. Nilimkuta asubuhi nyuma ya kibanda, amejivimbisha, mkia umeinama, macho yamefumbwa nusu, anakaza mwili na kulegeza. Hakutaka maji. Nimeshaona kuku wengi wakifa, na huyu alikuwa na sura hiyo. Nilikwenda jikoni, na kusema kweli nilikwenda kuchukua kisu, maana nilifikiri bora nimpunguzie.

Nilipogeuka nacho, Mama alikuwa amekwisha kumleta ndani, amekaa sakafuni na kumweka mapajani. Aliingiza vidole chini ya tumbo, akafumba macho, akavisogeza taratibu. Uso wake ulibadilika. Sikuwahi kuuona uso ule, ingawa nilikaa naye zaidi ya miaka kumi.

"Iko na yai," akasema. "Imekwama. Leta beseni ya maji ya moto, haiko ya kuunguza, ya kuogesha mutoto. Na mafuta ya kupika. Na ufunge mulango, haipendi makelele."

Nilikiweka kisu mahali pake, nikaleta kila alichoagiza. Alipandisha mikono ya sweta. Alimzamisha kuku katika maji mpaka mgongoni, akamshika chini ya kifua, na kwa mkono mwingine, wenye mafuta, akawa anakanda kutoka mbele kwenda nyuma, kwa wepesi wa ajabu kwa mikono iliyozeeka. Maji yakipoa ananyoosha kidevu, mimi naongeza ya moto. Alikuwa anasema na kuku kwa sauti ya chini. Alimwambia pole pole, mama, hatuna haraka. Alimwambia apumue. Nilielewa kwamba hivyo ndivyo wanawake wengi sana walivyosikia sauti yake, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia.

Muda ulipita. Kuku alikuwa ametulia ndani ya maji, mdomo wazi kidogo. Mama bila kuniangalia akasema:

"Bwana yako nilimuzaa peke yangu. Unajua ile?"

Nikasema sikujua.

"Mukunga alikuwa ni mi. Sasa ningemuita nani?" Akakanda, akachovya vidole kwenye mafuta, akakanda. "Alikawia. Siku mbili, kama hii yai. Nilimuambia, we mutoto, ukitaka kuishi, kuya. Usipotaka, uniambie nilale."

Tangu tumzike alikuwa hajamtaja. Hata jina lake lilipotajwa kanisani aliinamia kitabu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na sufuria ya maji mkononi. Nikasema lile lililokuja.

"Hata kuoa alikawia, Mama."

Akageuza kichwa, akanitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, na mimi vilevile, na kuku katikati yetu ndani ya beseni akafungua jicho moja. Mama hakuondoa mkono wake. "Tulia," akasema, sijui ananiambia mimi au kuku. "Tulia, inakuya."

Yai lilitoka likiwa na ganda laini, limekunjika upande mmoja kama limefinywa. Lilianguka ndani ya maji bila sauti. Mama alimwinua kuku, akamfunga kwenye taulo, akamweka kifuani, akaegemeza mgongo ukutani. Walilala wote wawili pale sakafuni mpaka karibu saa saba mchana. Sikwenda kwenye cherehani. Nilikaa kwenye kigoda nikiwatazama, nikafikiri kuhusu mume wangu alivyokuwa anakawia kila mahali, harusini, kanisani, mezani, na kwa mara ya kwanza niliyafikiri hayo bila kuyafukuza.

Wifi yangu alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Alikuja na gari, na kwenye gari kulikuwa na godoro jipya ambalo hakulishusha, maana alikuwa amelinunua njiani kwa ajili ya chumba cha Mama kule Kigali. Ni mwanamke mwema. Alinikumbatia, akaniambia nimefanya mengi kuliko yale ambayo mtu angestahili kuniomba, na sasa nipumzike. Tulipika viazi na maharage na sambaza za kukaanga. Alipozungumza mezani alizungumza vizuri: hospitali iko karibu, kanisa liko karibu, wajukuu wapo, nyumba haina ngazi. Na mimi, akasema, nitakuwa huru kurudi kwetu nikitaka, nikaanze tena, bado nina umri.

Mama alikuwa anachambua samaki kwa vidole na kuweka pembeni vichwa.

"Kigali iko muzuri," alisema mwishowe. "Lakini asubui nani atazifungulia?"

Wifi akamwambia mukazana wake atawafungulia mpaka atakapowagawa.

"Huyu iko na kazi ya nguo."

"Mama," wifi akasema kwa upole, "utabaki huku kwa sababu ya kuku?"

Mama alimaliza kumchambua yule samaki. Akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine.

"Kuku ni kuku," akasema. "Mi niko na mutoto hapa."

Wifi yangu alitazama mlangoni, kama anayetarajia kuona mtoto anaingia. Kisha akanitazama mimi. Nilisimama, nikasema nakwenda kuleta chumvi, nikaenda jikoni nikasimama mbele ya rafu nimeshika ukingo wake. Chumvi ilikuwa mezani. Hakuna aliyenikumbusha.

Niliporudi walikuwa wanazungumza habari nyingine. Jioni wifi alikubali kushusha godoro, tukalitandika kwenye kitanda cha Mama, na lile la zamani nikalichukua mimi. Kabla ya kuondoka alitaka kuona hao kuku. Mama alimzungusha uani, akamwonyesha yupi alitoka wa kwanza, yupi alivalishwa koti, wapi walizikwa wawili. Wifi alisikiliza yote amevaa viatu vyake vya kanisani. Nilimwona ameweka mkono mgongoni mwa mama yake, anautelezesha juu na chini, na akaondoka kabla jua halijazama.

Karagwe nimekwenda tangu hapo mara mbili, kusalimia, na mara zote mbili nimerudi kabla ya siku nilizoaga.

Habari za kuku zilisambaa kwa njia ya kwaya ya akina mama kanisani. Kuna mfugaji mwingine, wa upande wa Cyanzarwe, ambaye siku hizi akimaliza kundi hutupigia kuhusu wale wanaobaki. Si wengi, sita, wakati mwingine kumi. Tunakwenda pamoja. Mama huvaa viatu vya mpira na kukagua kila kizimba mpaka mwisho, anainama, anaangalia pembeni kabisa, kwa sababu kuna mara moja mmoja alikuwa amesahauliwa. Hatuwaweki wote kwetu. Wanakaa majuma matatu hivi, wakijua kutembea na kuingia kulala tunawapeleka kwa akina mama waliowaomba. Mama huwapa masharti wakiwa wamesimama: wasitegemee mayai mengi, wasiwachekeshe watoto kwa kukimbiza kuku, wawe na jivu la kuogea, na mvua ikitisha waende kuwatazama. Mmoja wao alimuuliza, sasa faida yake ni nini. Mama alifikiri kidogo, akamwambia ukikaa nao utaona, na kama hutaona unirudishie. Hajarudisha.

Wale wa kwanza walipungua kadiri walivyozeeka. Kuku wa namna ile hawana miaka mingi, miili yao imetumika mapema. Mwewe alichukua mmoja mbele ya macho yetu. Yule wa kucha ndefu aliishi mwaka mzima na zaidi baada ya beseni, akafa ndani ya jivu lake, mchana, jua likiwa kali. Sasa wamebaki watatu. Hutembea pamoja, taratibu, na wakichoka huenda kulala chini ya kiti cha Mama, naye hawezi kuinuka mpaka mtu aje awatoe. Mtu huyo ni mimi. Huwa ananiita kutoka barazani, "Binti, kuya, wamenifunga," nami naacha cherehani.

Juma lililopita mmoja wao alitaga, baada ya miezi mingi ya kutotaga. Lilikuwa yai dogo, lenye ganda la makunyanzi, karibu na mguu wa kiti. Nilimuuliza Mama tulifanyeje. Alilishika, akaligeuza kwenye mwanga, akasema lichemshwe. Tulilikata katikati kwa uzi wa kushonea, tukalila kwa chumvi, nusu kwa nusu, tumekaa uani.